Mahadhi ya Fidla kwa Gitaa: Namna ya Kujifunza Bluegrass Mtandaoni Ukiwa Dodoma

Mpiga gitaa wa kwaya anayetaka kujifunza mahadhi ya fidla ya bluegrass, muziki wa vyombo vya nyuzi wa Marekani, anaanza na mtaji mkubwa ambao masomo ya mtandaoni kwa kawaida hayautaji kabisa, nao ni solfa, yaani kuimba noti kwa majina ya do, re, mi. Masomo mengi humpeleka mwanafunzi moja kwa moja kwenye tabulatura, yaani ile mistari sita yenye tarakimu zinazoonyesha uzi gani ubonyezwe kwenye freti gani, na mwanafunzi huishia kukariri tarakimu pasipo kuyajua mahadhi yenyewe. Mtu aliyezoea kushika karatasi iliyoandikwa juu yake kwamba do ni G, kisha akaimba sauti yake bila chombo chochote, anaweza kupita njia iliyo fupi na ya kudumu zaidi: aimbe kwanza, kisha apige. Mwongozo huu unafuata njia hiyo.

Ni vema kujua kwanza kwa nini mahadhi ya fidla yanapigwa kwa gitaa. Bluegrass ilipata jina lake kutoka bendi ya Bill Monroe wa Kentucky, iliyoitwa Blue Grass Boys, na sura yake ilikamilika baada ya Earl Scruggs kujiunga na bendi hiyo mwishoni mwa mwaka 1945 na banjo yake ya vidole vitatu. Katika bendi za namna hiyo fidla, mandolini na banjo ndizo zilizobeba mahadhi, na gitaa lilikuwa la kusindikiza. Doc Watson wa North Carolina, aliyeishi kuanzia 1923 hadi 2012 na ambaye alipoteza uwezo wa kuona tangu utotoni, alikuwa katika miaka ya 1950 akipiga gitaa la umeme kwenye bendi ya dansi isiyokuwa na mpiga fidla, na kwa kuwa wachezaji walihitaji mahadhi ya fidla ili wacheze, akajifunza kuyapiga mwenyewe kwa gitaa. Baada yake wakaja Clarence White na Tony Rice, nao wakalifanya gitaa lisimame mbele sawasawa na vyombo vingine. Kwa hiyo anayejifunza mtindo huu leo anajifunza kufanya kazi ya chombo kingine, na matatizo yake mengi yanatokana na jambo hilo.

Gitaa na hewa ya Dodoma

Gitaa linalofaa ni la nyuzi za chuma, lisilo la umeme, lenye mwili mpana. Nyuzi ambazo wa kwanza wake una unene wa inchi 0.012 zinamtosha anayeanza, ingawa wapigaji wengi wa bluegrass hutumia 0.013 kwa ajili ya sauti nzito. Kibamba cha kupigia, ambacho wapiga gitaa hukiita piki, kiwe kigumu, chenye unene wa milimita moja au zaidi, kwa sababu kile chembamba kinachopinda hufaa kwa kodi za kwaya, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, lakini huchelewa kuurudia uzi pale noti zinapofuatana kwa kasi. Utahitaji pia kapo, kile kibano kinachozibana nyuzi zote kwenye freti moja, na umuhimu wake utaonekana hapa chini.

Jambo la hewa nalisisitiza, kwa sababu walimu wengi wa mtandaoni hawafundishi kutoka nchi kame kama hii. Dodoma hupata mvua kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo hufuata miezi mirefu ya ukavu na upepo. Mbao za gitaa hupendelea unyevu wa hewa wa takriban asilimia 45 hadi 55, na hewa inapokauka sana uso wa gitaa huzama, nyuzi hushuka na kuanza kukwaruza freti, na hatimaye ubao huweza kupasuka. Nunua kipimo kidogo cha unyevu ukiweza. Usipoweza, weka sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa matundu, ukiweke ndani ya kasha pamoja na gitaa na kuiangalia sponji kila baada ya siku chache wakati wote wa kiangazi. Gitaa lisitundikwe ukutani katika miezi hiyo.

Kuchagua masomo

Masomo yapo ya aina tatu. Kuna video za bure za YouTube, ambazo ni nyingi mno na hazina mpangilio. Kuna shule za kulipia kila mwezi kama Peghead Nation, ambako kila kipande huja na video, noti na tabulatura. Kuna pia zile ambazo mwanafunzi hujirekodi, akatuma video yake na kujibiwa na mwalimu kwa video, kama ilivyo katika masomo ya mpiga gitaa Bryan Sutton kwenye ArtistWorks. Maoni yangu ni kwamba anayeanza apitie kwanza vipande viwili au vitatu kwa video za bure, na fedha azihifadhi kwa ajili ya aina ya tatu, kwa kuwa mkono wa kulia ndio unaoharibika mapema bila mwenyewe kujua, na kasoro zake huonwa na mtu mwingine kwa urahisi kuliko mwenyewe. Malipo hufanyika kwa kadi, na baadhi ya huduma za pesa kwa simu hutoa kadi ya mtandaoni inayokubalika. Lakini ukumbuke kwamba usajili wa namna hii hujirudia wenyewe kila mwezi hadi utakapousitisha.

Masomo ya moja kwa moja yana ugumu wa saa. Darasa linaloanza saa moja jioni kule Nashville, Marekani, huangukia saa tisa usiku hapa kwetu wakati wa majira yao ya joto, na saa kumi alfajiri wakati wa majira yao ya baridi. Tena kuna ucheleweshaji wa sauti: umbali kati ya Dodoma na Nashville unazidi kilomita 13,000, na sauti inayopita kwenye mtandao kwa umbali huo haiwezi kufika papo hapo, kwa hiyo watu wawili hawawezi kupiga pamoja na kulingana. Zima maikrofoni yako, piga ukimfuata mwalimu, na usijaribu kumfanya mwalimu akufuate. Kwa sababu hizo mbili naona video zilizorekodiwa zinamfaa zaidi mtu wa huku. Bando nalo litadumu zaidi ukichagua ubora wa 480, unaotosha kabisa kuona vidole, na ukipakua mara moja faili za sauti na tabulatura pale mwalimu anaporuhusu, ili mazoezi ya kila siku yasitegemee mtandao.

Imba kwanza

Mahadhi ya fidla karibu yote yana umbo moja. Sehemu ya kwanza ina vipimo nane, yaani mafungu ya mapigo manne manne, na hupigwa mara mbili, sehemu ya pili nayo ina vipimo nane na hupigwa mara mbili, jumla vipimo 32. Kila kipimo kina nafasi ya noti nane za haraka, kwa hiyo kipande kizima hakizidi noti 256 hivi, na kwa kuwa nusu yake ni marudio, unachojifunza hasa ni vipimo 16. Hata ndani ya hivyo 16 utakuta kipimo cha kwanza kikirudi katika cha tano, na miisho ya sehemu zote mbili ikifanana. Mwimbaji wa kwaya huligundua hili kwa kusikia tu. Msomaji wa tabulatura huliona kuwa ni tarakimu nyingine ngeni.

Chagua kipande, sikiliza sehemu ya kwanza bila kushika gitaa, na rudia mpaka uweze kuivumisha kwa mdomo ukiwa njiani kwenda kazini au sokoni Majengo. Kisha tafuta do, yaani ile noti ambayo kipande hutulia juu yake mwishoni, na uandike mahadhi kwa solfa kwenye daftari, kipimo kwa kipimo. Usiangalie tabulatura katika hatua hii. Ukikwama kwenye kipimo fulani punguza mwendo wa video hadi 0.75; mwendo wa 0.5 huifanya sauti ya nyuzi itawanyike kiasi kwamba mwanzo wa noti haukamatiki vizuri, hivyo utumie kwa noti moja au mbili tu zinazokutatiza. Programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, hupunguza mwendo bila kushusha sauti na inafaa kwa faili ulizopakua.

Baada ya hapo ndipo gitaa linapoingia. Wapiga fidla hupenda sana funguo za D na A, kwa kuwa fidla imefungwa nyuzi za G, D, A na E. Mpiga gitaa hupata funguo hizo kwa urahisi akitumia maumbo mawili tu ya vidole na kapo kwenye freti ya pili: umbo la C huwa D, na umbo la G huwa A. Mwenye solfa anahitaji kujua maumbo haya mawili yakoje, na kapo itafanya yaliyobaki.

Katika umbo la C, tukihesabu freti kuanzia kwenye kapo na uzi wa kwanza ukiwa ndio mwembamba kabisa, do iko uzi wa tano freti ya tatu. Re ni uzi wa nne mtupu, mi ni uzi huo huo freti ya pili, na fa ni freti ya tatu. So ni uzi wa tatu mtupu na la ni freti yake ya pili. Ti ni uzi wa pili mtupu, do ya juu ni freti yake ya kwanza, re freti ya tatu, na mi ya juu ni uzi wa kwanza mtupu. Katika umbo la G, do ya chini iko uzi wa sita freti ya tatu, ila mahadhi mengi hukaa juu zaidi: do ni uzi wa tatu mtupu, re ni freti yake ya pili, mi ni uzi wa pili mtupu, fa freti ya kwanza, so freti ya tatu, la ni uzi wa kwanza mtupu, ti freti ya pili, na do ya juu freti ya tatu. Panda na kushuka ngazi hizi huku ukizitaja kwa sauti, hadi kidole kifike kwenye noti kwa kuitwa jina lake.

Kipande cha kuanzia nashauri kiwe Angeline the Baker, ambacho hupigwa katika D, kwa hiyo wewe utatumia umbo la C. Kwa namna kinavyopigwa na wengi kina noti tano tu, do, re, mi, so na la, na kodi zake ni mbili. Cha pili kiwe Old Joe Clark, kinachopigwa katika A, nawe utatumia umbo la G. Hiki hakitumii ti ya kawaida. Hutumia ta, yaani ti iliyoshushwa nusu toni, na hufunguka kwa so, la, ta, la, so, fa, mi. Kwenye gitaa hiyo ni uzi wa pili freti ya tatu, uzi wa kwanza mtupu, uzi wa kwanza freti ya kwanza, uzi wa kwanza mtupu tena, kisha unarudi uzi wa pili kwenye freti ya tatu, ya kwanza, na mtupu. Anayekusindikiza ajue kwamba kwa sababu ya ile ta kodi ya F itahitajika katika umbo hili la G. Wapiga gitaa wa kwaya hukimbilia D mahali hapo, na mahadhi hupoteza ladha yake yote.

Ukishamaliza ndipo ufungue tabulatura ya mwalimu na kuilinganisha na daftari lako. Mahali mnapotofautiana panastahili kusikilizwa tena kwa utulivu, kwa sababu mara nyingine umekosea wewe, na mara nyingine mwalimu amepiga pambo lake mwenyewe juu ya noti ileile uliyoisikia. Sauti ya gitaa itakuwa oktava moja chini ya fidla, na hilo si kosa.

Mkono wa kulia

Hapa hakuna njia ya mkato. Kila kipimo kina mapigo manne, na kila pigo lina noti mbili: ya kwanza hupigwa piki ikishuka, ya pili ikipanda. Noti ikiwa ndefu kiasi cha kujaza pigo zima, mkono bado hupanda, ila hupita hewani bila kugusa uzi, ili pigo linalofuata liukute tayari juu. Mkono unaosimama kusubiri noti ndefu iishe ndio unaomfanya mwanafunzi apige vizuri polepole na kuvurugika pindi mwendo unapoongezeka. Jirekodi kwa simu ukiiweka upande wa mkono wa kulia, kisha tazama bila kusikiliza: mkono uende chini na juu kwa ulinganifu kutoka mwanzo hadi mwisho. Rekodi hiyohiyo ndiyo ya kumtumia mwalimu kama umejiunga na masomo ya kujibiwa.

Mwendo uanze kwa metronomu, kifaa au programu ya kuhesabu mapigo, ikiwa kwenye mapigo 80 kwa dakika. Kwa mwendo huo kipande kizima huchukua sekunde 96. Watu wanaokaa pamoja kupiga bluegrass hufika mapigo 200 na zaidi, na hapo kipande hichohicho huisha kwa sekunde 38 hivi. Tofauti hiyo isikushtue wala kukuharakisha. Ongeza mapigo matano pale tu unapoweza kupiga kipande mara tatu mfululizo bila kujikwaa na bila kukaza bega, na ukijikwaa rudi nyuma kumi. Mtu anayepiga vipande vinne kwa mapigo 120 kwa sauti safi anapendeza kuliko anayekimbia 200 huku nusu ya noti zikipotea.

Upinde na piki

Upinde wa fidla unaweza kushikilia noti na hata kuikuza, ilhali noti ya gitaa huanza kufa mara tu inapozaliwa. Mpiga gitaa hulijibu tatizo hili kwa njia kadhaa, na ndizo zinazofanya mahadhi yasikike kama ya fidla. Noti ndefu huweza kupigwa mara mbili. Huweza pia kufuatiwa na mkwaruzo mwepesi wa kodi kwenye nyuzi za juu ili kujaza nafasi. Pale ambapo mpiga fidla huunganisha noti mbili kwa mvuto mmoja wa upinde, wewe piga ya kwanza kwa piki na ya pili uitoe kwa kidole cha kushoto peke yake, ama kwa kukidondosha kwa nguvu juu ya uzi ikiwa noti inapanda, ama kwa kukichomoa huku kikiukwanyua uzi ikiwa inashuka. Lakini kumbuka kwamba piki bado inaendelea na safari yake hewani wakati kidole cha kushoto kinafanya kazi. Mwanafunzi akisahau hilo, noti inayofuata itapigwa kwa mwelekeo usio wake.

Nashauri pia usikilize wapiga fidla wenyewe, wala si wapiga gitaa peke yao, na hapa sisi tuna jirani wa karibu wa kutusaidia. Zeze la Wagogo ni chombo cha upinde, na marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alilifikisha mbali pamoja na ilimba, chombo kinachopigwa kwa vidole gumba. Ukienda Chamwino, ambako hufanyika tamasha la muziki wa Wagogo, keti karibu na mpiga zeze na uangalie jinsi mkono wa upinde unavyobeba mdundo hata pale noti isipobadilika. Mdundo huo wa upinde ndio unaotakiwa kusikika ndani ya piki yako.

Ukibahatika kumpata mpiga zeze aliye tayari kupiga nawe, Old Joe Clark ndicho kipande cha kujaribu. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sauti za asili zinazotoka katika uzi mmoja, na kwa masikio ya solfa tunasikia humo do, re, mi, so na ta. Ta hiyo ni ya chini kuliko ile ya freti kwa karibu theluthi moja ya nusu toni, na mi nayo iko chini kidogo. Gitaa haliwezi kuzishusha noti zake, kwani kuuvuta uzi hupandisha sauti tu. Basi linganisha do yako na ya zeze kwa kapo na kwa kukaza au kulegeza nyuzi, mwachie mwenzako ashikilie do na so kwa mdundo, wewe upige mahadhi juu yake, na kila inapofika ta ndefu ipige kwa wepesi ili ya kwake ndiyo isikike.

Kwa kawaida hata hivyo mwenzako atakuwa mpiga gitaa mwingine, naye afundishwe usindikizaji wake: noti ya besi kwenye pigo la kwanza na la tatu, mkwaruzo mfupi wa kodi kwenye la pili na la nne, kwa sauti ya chini wakati wewe unabeba mahadhi. Kisha mbadilishane bila kusimama, yeye apige mahadhi nawe usindikize. Usipokuwa na mwenza, rekodi kodi zako kwenye simu kwa mwendo wa metronomu na upige juu yake.

Baada ya vipande hivyo viwili fuata Red Haired Boy, ambacho nacho kiko A na kinatumia ta, kisha Soldier's Joy katika D, kipande kinachojulikana tangu karne ya 18, ambacho kitakuzoesha kurukaruka kati ya do, mi na so. Blackberry Blossom kiache kwa baadaye. Kiko G bila kapo, kodi zake katika sehemu ya kwanza hubadilika kila baada ya mapigo mawili, na sehemu ya pili huhamia kwenye E ndogo (E minor), kwa hiyo uiimbe sehemu hiyo ukiichukulia la kuwa ndiyo makao ya muda, pasipo kuihamisha do.